Kichuguu cha Mzee Lugembe

Kichuguu cha nyumbani hakiendi safari.

Ndivyo alivyosema Bibi Milembe alipopita hapa na kapu lake la uyoga, akawakuta mnazipaka baiskeli zenu mafuta kwa ajili ya safari ya kesho. Hakusimama. Alisema tu akaenda zake, nanyi mkabaki mnatazamana kama mbuzi waliosikia ngurumo wakati wa kiangazi. Sasa mnaniuliza maana yake. Maana sitawapa, mtaiokota wenyewe njiani. Nitawapa chanzo chake. Wewe Jilala, kaa hivyohivyo juu ya baiskeli yako na mguu wako kwenye ngazi ya baraza, hunisumbui. Usemi huu ulizaliwa hapahapa Ilomelo, na ulizaliwa hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Mihambo, mwana wa Mzee Lugembe, mchonga mizinga ya nyuki. Mihambo alikuwa mfupi. Wafupi wapo wengi, hata humu barazani nawaona, lakini ufupi wa Mihambo ulikuwa wa namna yake: akiingia shamba la karanga kupalilia, mkewe alimtafuta kwa kufuata mlio wa jembe. Na Mungu, ambaye naye hupenda mzaha, alimpa mtu huyu baiskeli ndefu kuliko zote katika nchi yetu. Aliirithi kwa mjomba wake, ambaye waliomwona wanaapa kwamba alirina asali bila kupanda mti. Ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, na bomba lake la kati lilimfika Mihambo kifuani. Alifunga vipande vya mti kwenye pedali ili miguu yake ifike. Kuendesha aliweza. Kazi ilikuwa kupanda na kushuka.

Nyuma ya zizi lao palikuwa na kichuguu cha kale, ambacho mchwa walikwisha kukihama, kigumu kama jiwe, kimo cha kiuno cha mtu. Mihambo aliisimamisha baiskeli ubavuni pake, akapanda kichuguu, akaketi juu ya tandiko, akajisukuma. Akirudi, alikilenga kichuguu kilekile, akapunguza mwendo, akautoa mguu na kuukanyaga udongo ule kama mtu anayeingia kitandani kwake. Ndivyo alivyojifunza tangu siku ya kwanza, na ndivyo alivyofanya akienda mashineni kusaga na akirudi. Kule mashineni nako kulikuwa na kichuguu.

Hapa lazima mwelewe jambo moja. Kwa watu wa Ilomelo wa wakati ule, kichuguu hakikuwa rundo la udongo. Udongo wake ndio uliofyatuliwa matofali na kusilibiwa sakafu. Juu yake watoto walisimama kufukuza ndege mtamani. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka humo, na uyoga ukachipua pembeni. Mtu mwenye kichuguu kikubwa alijiona mwenye nyumba hasa. Na aliyejivuna kwa kichuguu chake kuliko wote alikuwa Mzee Lugembe, baba yake Mihambo.

Ng'ambo ya msitu wetu iko mbuga ya Sangilwa, na katikati ya mbuga kiko kijiji cha Mwamanyasi. Huko masika maji hulala juu ya nchi, kwa hiyo mchwa hawajengi. Unaweza kutazama mpaka macho yachoke usione kitu kilichoinuka isipokuwa ng'ombe. Kijana mmoja wa huko, Ngasa, alikuja kumposa Kalekwa, dada yake Mihambo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mchunga ng'ombe. Mzee Lugembe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya wazee wote waliokaa pale, "Binti yangu haolewi na mtu ambaye kwao hakuna hata kichuguu."

Watu walicheka. Ngasa aliinuka, akaaga kwa heshima, akaenda. Baada ya siku chache Kalekwa naye akaenda, akamfuata. Mzee Lugembe alisimama mlangoni pake akasema kwa sauti iliyofika mpaka kisimani, "Kalekwa, mlango wangu umefungwa kwako." Neno lile likakaa miaka mingi. Kalekwa akazaa huko, watoto wakakua, hakuna aliyewaona.

Miaka ikamkuta Mzee Lugembe kama inavyotukuta wote. Akawa mtu wa mkekani, mtu wa kusema neno moja na kupumzika. Siku moja akamwita Mihambo akamwambia, "Nataka kumpa dada yako radhi."

Sasa, katika ukoo ule radhi haikutolewa kwa maneno matupu. Mzazi alichukua maji kinywani, akalisema neno lake moyoni, akayarudisha maji yale kwenye kibuyu. Kibuyu kilibebwa na mtu aliyezaliwa tumbo moja na yule anayepelekewa. Kisiguse ardhi njiani, maana ardhi ikiyanywa maji yale, basi imepokea neno ambalo si lake. Mbebaji alipofika alisimama mbele ya mwenye kupokea, miguu yake miwili imetulia, akakitoa kwa mikono miwili. Na laana? Laana nayo ilibebwa kwa kibuyu hichohicho. Tofauti ni kwamba mbebaji wa laana hasimami. Huizunguka nyumba, huku akinena, mpaka ameimwaga. Kalekwa aliyajua hayo tangu utotoni, kama Mihambo alivyoyajua.

Kwa miguu, Mwamanyasi ni safari ya kulala njiani. Kwa baiskeli, ukiondoka alfajiri, jua linakukuta huko likiwa bado juu. Mihambo hakuwahi kuipeleka baiskeli yake mbali zaidi ya mashineni. Mzee akamwambia, "Jitayarishe vizuri, mwanangu. Ila usijitayarishe sana. Mimi huku siwezi kukungojea."

Basi Mihambo akajitayarisha, na kijiji kizima kikajitayarisha naye. Aliivua cheni, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka mafuta ya mashine mpaka ikateleza kama kambare. Alikaza spoki mojamoja huku akizigonga na kuzisikiliza. Alikata viraka kwenye tyubu kuukuu, akaazima pampu kwa katekista, akafunga ngozi ya mbuzi juu ya tandiko. Kila aliyewahi kuvuka mto alikuja na ushauri wake. Mmoja alisema upepo ukimkabili ainamishe kichwa. Mwingine akasema asinywe maji mengi asubuhi. Ushauri mrefu kuliko wote ulitoka kwa Mzee Kasubi, ambaye maishani mwake hakupanda chombo chochote isipokuwa mgongo wa mama yake.

Kisha likaja zoezi la kibuyu. Mihambo alikijaza maji, bila kizibo, akakivaa shingoni kwa kamba ya gome, akawa anazunguka kijiji. Mwanzoni alirudi amelowa mpaka magotini. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliulizana, "Mihambo anaatamia nini leo?" na mwingine akajibu, "Anaatamia bata, ndiyo maana kuna maji." Lakini alishikilia. Alijifunza kupita kwenye mizizi bila kutikisa kifua, akajifunza kupanda mwinuko akiwa amenyooka kama mtu aliyebeba mtungi. Mwishowe alikuwa akiizunguka Ilomelo yote bila hata tone kuruka. Na kila zoezi lilianzia kichuguuni, likaishia kichuguuni.

Siku ya mwisho mkewe, Nyanzobe, alikuwa uani anapepeta unga. Akauweka ungo chini.

"Mume wangu, nikuulize neno."

"Uliza."

"Huko uendako utashukia nini?"

"Nitashukia kichuguu, kama siku zote."

"Na pasipokuwa na kichuguu?"

"Nyanzobe, nchi hii Mungu aliipanda vichuguu kama wewe unavyopanda karanga. Nitavikosaje?"

"Mimi sijui alivyopanda. Nakwambia jaribu kushuka hapa uani mara moja tu, nikuone."

"Unataka nivunjike mguu na kesho nina safari?"

"Haya. Basi kifunge hicho kichuguu kwenye keria uende nacho."

Mihambo akacheka. Hata Mzee Lugembe, aliyekuwa amelala ndani na mlango uko wazi, alisikika akicheka, kisha akakohoa muda mrefu. Nyanzobe akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta. Hakuna aliyelifikiria tena neno lile.

Alfajiri ya pili yake Mzee alikalishwa, akaegemezwa ukutani. Akachukua maji kinywani, akafumba macho, akayarudisha kibuyuni. Mihambo akakiziba kwa gunzi la mahindi. Mzee akamwambia, "Mwambie hivi, usiongeze wala usipunguze. Yale niliyosema, kwamba mlango wangu umefungwa kwako, nimeyafuta. Urudi nyumbani." Akamfanya Mihambo ayarudie. Mihambo akayarudia kama alivyopewa. Kisha akaenda nyuma ya zizi, akapanda kichuguu, akaketi, akajisukuma.

Msituni safari ilikwenda kama wimbo. Baiskeli haikulia hata mara moja. Alipotaka kupumzika, alichagua kichuguu kama mtu anavyochagua kiti kwenye sherehe: hiki kirefu mno, kile kina siafu, hiki ndicho. Alikitundika kibuyu kwenye tawi, akala muhogo wake wa kuchemsha, akajipanga, akapanda, akaondoka. Moyoni akamcheka mkewe.

Mchana miti ikaanza kupungua. Ikawa mmoja hapa, mmoja kule. Kisha ikaisha yote kwa pamoja, na mbele yake ikawa mbuga. Udongo mweusi uliopasuka kwa jua, nyasi zilizolala, na njia moja nyembamba iliyonyooka. Mihambo alitazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa tambarare kama mkono. Kiu ikamshika, akaivumilia. Pumzi ikamwisha, akaivumilia. Angeweza kujitupa, kama wanavyojitupa wafupi wenzake, akaanguka na vumbi akajifuta, na mambo yakaisha. Lakini shingoni mwake kilining'inia kibuyu, na ndani ya kibuyu limo neno la baba yake, na ardhi imepanua midomo yake pande zote kwa kiu. Basi akakanyaga pedali. Ndipo alipoanza kufikiri, jambo ambalo angepaswa kulifanya uani kwake, kwamba Mwamanyasi iko katikati ya mbuga hiyohiyo.

Alipoingia kijijini aliwaambia watu wa kwanza aliowaona, "Nishikeni."

Nanyi fikirini. Mgeni amekuja peke yake kutoka nyikani, macho mekundu, kibuyu shingoni, juu ya chuma kirefu kisichosimama, anaomba ashikwe. Mtu mwenye pepo ndiye husema nishikeni. Kina mama wakabeba watoto, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja tu alibaki nje kwa sababu ya miguu yake, na Mihambo akamwuliza huku akipita, "Kwa Ngasa ni wapi?" Mzee yule akaonyesha kwa kidevu, kisha akafumba macho mpaka gurudumu likapita.

Nyumba ya Ngasa ilizungukwa na ua wa minyaa, na minyaa mnaijua, utomvu wake ukiingia jichoni umekwisha. Nyasi za paa zilishuka chini, ukisogelea ukuta zinakukata uso. Katikati ya ua na nyumba palikuwa na njia nyembamba iliyofagiwa, safi, haina kinu wala gogo. Mihambo akaingia langoni. Nafasi ya kugeuka hapana. Nafasi ya kusimama ipo tele, lakini yeye kusimama hakujui. Akafanya jambo moja lililowezekana, akaanza kuizunguka nyumba.

"Hodi hapa," akasema alipopita mlangoni.

"Karibu," sauti ya Kalekwa ikajibu kutoka ndani. Akatoka akijifuta mikono kwenye kanga. Hakuona mtu. Aliona alama ya gurudumu tu kwenye vumbi lake alilofagia asubuhi. Akasimama pale akishangaa, na mara kutoka upande wa pili wa nyumba akatokea ndugu yake ambaye hakumwona miaka yote ile, yuko juu angani, amebeba kibuyu cha ukoo, wala hasimami.

Kalekwa aliingia ndani akafunga mlango.

Mihambo akajua dada yake amefikiri nini. Akajua pia dawa ni moja tu, aliseme lile neno. Kila alipouona mlango alianza, na hakuthubutu kuongeza wala kupunguza: "Yale niliyosema, kwamba mlango wangu umefungwa kwako," na hapo mlango ukawa umepita, kona imefika, na "nimeyafuta, urudi nyumbani" yakaenda kuwafikia kuku nyuma ya nyumba. Akazunguka, akaanza tena kwa sauti kubwa zaidi. Mlango wangu umefungwa kwako. Akazunguka tena. Umefungwa kwako. Ndani, Kalekwa alikaa sakafuni, mgongo wake ukiegemea ule mlango, amejifunika kanga usoni, na kila mzunguko ulimpiga kama fimbo.

Nyuma ya nyumba, kwenye kona ya ua, Ngasa alikuwa na kazi yake. Alikuwa amepiga magoti anamfunga ndama aliyevunjika mguu, hakuweza kumwacha. Alisikia sauti inapita juu ya kichwa chake, ikarudi, ikapita. Alipomaliza kufunga, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta mkewe pale chini.

"Baba amemtuma Mihambo," Kalekwa akasema. "Amekuja kutuzungushia laana."

"Laana gani?"

"Humsikii? Anasema mlango wake umefungwa kwangu."

"Mimi nimemsikia vizuri, alikuwa anapita kichwani kwangu. Anasema nimeyafuta. Anasema urudi nyumbani."

"Hakusema hivyo."

"Kalekwa, mimi sina sababu ya kumsingizia baba yako wema."

Wakatega sikio. Nje gurudumu likapita mlangoni. Umefungwa kwako. Wote wawili wakalisikia. Kisha Ngasa akamshika mkewe mkono, wakatembea upesi mpaka mlango wa nyuma, wakawahi. Nimeyafuta. Urudi nyumbani.

"Ni neno moja," Kalekwa akasema taratibu. "Nyumba yetu ndiyo imelikata."

Akaenda akaufungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini. Mihambo akaja.

"Mihambo, simama."

"Siwezi, dada."

"Kwa nini huwezi?"

Jibu lilikwenda nyuma ya nyumba. Ikabidi wangoje. Akatokea tena.

"Hakuna kichuguu," akasema, akapita.

Ngasa alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, na uso wake ukabadilika. Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ua nao walilisikia neno lile. Watu wa Mwamanyasi hawakulisahau. Ng'ombe wao walikufa kwa ukame wakawasahau, lakini kicheko cha wazee wa Ilomelo hawakukisahau.

"Umetoka kote huko," Kalekwa akamwambia alipozunguka, "kuja kututukana tena tusi lilelile?"

Mihambo alikuwa analia. Jasho na machozi yalikuwa kitu kimoja, na mkono mmoja ulishika usukani, mwingine umekikumbatia kibuyu.

"Si tusi, dada," akasema. Akaenda. Wote wakaisikiliza cheni ikizunguka nyuma ya nyumba. Akarudi. "Sina pa kukanyaga."

Ngasa akampita mkewe pale kizingitini. Alikuwa mtu mrefu, niliwaambia. Alitembea mpaka kwenye njia ya baiskeli, mahali ambapo alama ya gurudumu ilikuwa imeanza kuchimba mfereji, akapiga magoti, akaweka mikono chini, akaunyoosha mgongo wake.

"Kanyaga, shemeji," akasema.

Mihambo alimwona, akapita. Kumkanyaga mume wa dada yako mgongoni, mbele ya mkewe, ndani ya ua wake mwenyewe, mbele ya majirani zake. Hakuweza. Akazunguka tena. Ngasa hakuinuka.

"Mgongo hauna siafu," Ngasa akasema alipomsikia anakuja. "Kanyaga."

Mihambo akapunguza mwendo, akautoa mguu, akaukanyaga. Mgongo ule haukutikisika hata kidogo. Baiskeli ikalala kwenye minyaa, naye akashuka, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akasimama. Kisha akamwendea dada yake, akatulia, akakitoa kibuyu kwa mikono miwili, na akalisema lile neno lote, safari hii bila nyumba kulikata. Kalekwa akayapokea maji viganjani, akanawa uso, akajipaka kichwani, na yaliyobaki akampaka mumewe. Hakuna tone lililofika chini. Waliokuwepo wanasema hata wao walishangaa.

Baiskeli ilikuwa moja, na Mzee alikuwa amesema hawezi kungojea. Mihambo angembebaje dada yake, mtu ambaye hata yeye mwenyewe akishapanda hana njia ya kushuka? Akakiangalia kile chuma, akamwangalia Ngasa, akasema, "Miguu yako inafika chini, shemeji. Mpeleke. Mimi nitakuja kwa miguu." Alfajiri Ngasa akakaa kwenye tandiko, Kalekwa akakaa kwenye keria, wakaondoka. Mihambo akafuata njia ileile kwa miguu, akivipita vichuguu vyake kimoja kimoja.

Mzee Lugembe alikuwa bado na pumzi walipofika. Kalekwa akapiga magoti mkekani, na mambo yaliyopita kati ya baba na binti hapo si yangu kuyasema. Baadaye Mzee akauliza, "Mihambo yuko wapi?"

"Anakuja kwa miguu, baba."

"Baiskeli nimeisikia. Nani ameileta?"

Ngasa alikuwa amebaki nje ya mlango. Hakuwa amekaribishwa.

"Ni mimi, mzee," akasema kutoka huko.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mtu wa mbuga."

Mzee akafumba macho. Nyanzobe, aliyekuwa akimpepea, alidhani ameshaondoka. Kisha akasema, "Ingia." Akamtaka Kalekwa amweleze njia ilivyokuwa, naye akaeleza yote, mlango na kuku na lile neno la kichuguu na mgongo. Mzee akamwambia Ngasa asogee, ageuke. Akanyoosha mkono wake, ambao ulikuwa umebaki mifupa na ngozi, akapapasa shati la Ngasa mgongoni. Alama ya unyayo wa mwanawe ilikuwa bado ipo, vumbi jeusi la mbugani.

Akaacha mkono wake pale. Akasema maneno yake machache. Akaomba maji, akayachukua kinywani, akamnyunyizia Ngasa kichwani kama anavyobarikiwa mtoto wa kuzaa. Jioni ile akafariki.

Mihambo alifika kesho yake. Kabla hajaiona nyumba, alisikia vilio. Miguu yake ilikuwa imevimba. Aliwapita watu waliokaa msibani, akaenda nyuma ya zizi, akakaa chini ya kile kichuguu, na Nyanzobe akamfuata akakaa pembeni yake.

"Alisema nini?" Mihambo akauliza mwishowe.

Nyanzobe akamfuta vumbi miguuni kwanza. Mihambo akauliza mara ya pili.

"Aliushika mgongo wa Ngasa," Nyanzobe akasema. "Akasema, miaka yote nilikuwa najisifia kichuguu cha nyumbani. Kumbe hakiendi safari."

Mihambo akakiweka kiganja chake juu ya ule udongo mgumu, pale palipolainishwa na unyayo wake mwenyewe. Baada ya arobaini watu walimwona uani, mtu mzima mwenye mvi, anajifunza kushuka. Alianguka mara nyingi. Nyanzobe alishika ungo wake, hakumcheka.

Ndiyo hivyo. Kichuguu chenyewe mnakijua, ndicho kile Bibi Milembe anakochuma uyoga, na Bibi Milembe ni mjukuu wa Kalekwa, kwa hiyo ana haki ya kusema na kupita bila kusimama.

Naona, Jilala, mguu wako umetoka kwenye ngazi ya baraza. Vizuri. Isogeze baiskeli yako pale katikati ya uwanja, mahali pasipo na kitu. Uanguke leo, tukiwa tunakuona, maana kichuguu cha nyumbani hakiendi safari.